Kivumbasi, timoli na jina ambalo mashine hukosea

Kivumbasi hutatiza. Miche miwili ya *Ocimum gratissimum* yaweza kufanana majani na maua, lakini mafuta yake ya kunukia yakawa mbalimbali: mmoja umejaa yujenoli, ile yenye harufu ya karafuu, mwingine umejaa timoli, yenye harufu ya zaatari. Anayetaka kuutumia kama dawa hawezi kutegemea jina la mmea. Lazima apime.

Kukeneka kwenyewe kunataka subira tu. Majani huchemshwa na maji katika kifaa cha Clevenger kwa saa tatu hivi, mvuke ukapozwa, mafuta yakajitenga.

Tone la mafuta lililozimuliwa huingia kwenye mashine ya GC-MS, inayotenganisha molekuli kisha kuzitambua, ndani ya mrija wa mita 30, tundu lake robo milimita. Heliamu husukuma molekuli huku joto likipanda polepole, nazo hutoka kwa zamu. Kila inayotoka hupigwa elektroni, huvunjika, na vipande vyake hupimwa. Kompyuta hulinganisha vipande hivyo na maktaba yake, kisha huleta jina.

Jina hilo nakuomba usiliamini upesi. Timoli na karvakroli, molekuli nyingine inayofanana nayo sana, zote ni C10H14O. Zinatofautiana tu mahali kikundi cha OH (oksijeni na hidrojeni) kilipokaa kwenye pete ya kaboni. Zote zina uzito wa 150, zote hupoteza methili (CH3) na kuacha kipande kikubwa cha 135. Kwa vipande tu, ni kama pacha. Nimewahi kuandika karvakroli penye timoli, na ripoti nzima ikabidi irudiwe.

Kinachozitenganisha ni muda wa kutoka. Mwaka 1958 mkemia Ervin Kováts alionyesha njia: pitisha alkani (minyororo ya kaboni na hidrojeni tu) kwenye mrija uleule, kila moja uipe namba ya kaboni zake mara 100, kisha uone kilele chako, yaani alama ya molekuli yako kwenye chati, kimeangukia wapi kati yake. Kwenye mrija usio na upolari (utando wake wa ndani hauna ncha za chaji), timoli huwa karibu na 1290, karvakroli karibu na 1299. Pengo ni dogo, lakini halidanganyi ikiwa alkani zilipita kwa joto lilelile na kasi ileile ya gesi.

Jambo jingine ni asilimia. Ile inayochapishwa na mashine ni sehemu ya eneo la vilele, si gramu, kwa kuwa kigunduzi hakiitikii kila molekuli sawasawa. Nikitakiwa kusema kuna timoli kiasi gani, hupima kwanza timoli safi ya viwango vitano, nikachora mstari wake, ndipo nikasoma sampuli.