Shanga Zile Si Hirizi

Msimu wa korosho unapofunguliwa, dawati letu la Kanisa Katoliki la ndoa na mahusiano ya dini hapa Mtwara hupata kazi ambayo zamani hatukuwa nayo. Korosho ghafi ya kusini inanunuliwa kwa wingi na Vietnam na India, na korosho haijinunui yenyewe, wanakuja watu. Wapo wanaoshinda ghalani wiki mbili wakikata korosho kupima ubora kisha wakaondoka, na wapo waliopanga nyumba, wakapata marafiki, wengine wakapata wachumba. Baadhi yao ni Wabudha. Simu na barua zimeongezeka, na kwa kuwa nyingi zinauliza jambo lile lile, tuishi vipi na Wabudha na je, tunaweza kuoana nao, nimeona nijibu mara moja kwa wote.

Kilichonisukuma zaidi ni hiki. Kijana mmoja mpima korosho alifuatana na mwenye nyumba wake kanisani Jumapili. Alikuwa amezungusha shanga za mbao mkononi mara nne. Mlangoni aliyekuwa zamu akamwambia azivue, hirizi haziingii kanisani. Kijana hakuelewa neno, alielewa kidole. Akazivua, akazitia mfukoni, akakaa benchi la mwisho. Yule aliyemvua alikuwa na rozari shingoni.

Shanga zile si hirizi. Ni za kuhesabia sala, kwa kawaida 108, na mwenye nazo hupitisha moja moja huku akitaja maneno matakatifu au akifuata pumzi yake. Rozari yetu ina makumi matano. Jirani yako Mwislamu ana tasbihi ya punje 99, au 33 anazozungusha mara tatu. Mkoa kama huu, ambao nyumba ya Mkristo na ya Mwislamu zinagusana ukuta, ulipaswa kuwa wa mwisho kushangazwa na shanga.

Swali linalofuata ni sanamu: je, Mbudha haabudu sanamu? Nimelijibu mara nyingi mno. Buddha, yaani Siddhartha Gautama, alizaliwa Lumbini katika nchi ambayo leo ni Nepali, karne kadhaa kabla ya Kristo, na wafuasi wake hawamhesabu kuwa Muumba. Anayeinama mbele ya sanamu yake anamheshimu mwalimu. Ni kweli wapo wanaokwenda mbele zaidi wakaomba mtoto au biashara, lakini Mkatoliki anayeshtakiwa kila wiki na madhehebu mengine kwa ajili ya sanamu ya Bikira Maria angekuwa mwangalifu kidogo na hoja hii.

Msimamo wa Kanisa haujafichwa. Tamko la Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu wa dunia nzima, la tarehe 28 Oktoba 1965 linautaja Ubudha kwa jina, na linasema Kanisa halikatai lolote lililo la kweli na takatifu katika dini hizi. Kila mwaka, inapofika Vesak, sikukuu ya Wabudha ya mwezi mpevu, Vatikano huwatumia salamu. Hiyo ni barua rasmi, si ukarimu wa padri mmoja mwenye moyo laini.

Tunakutana wapi basi? Kwanza kwenye mwenendo. Mbudha wa kawaida hushika maagizo matano: asiue, asiibe, asizini, asiseme uongo, asitumie vileo. Manne mtayatambua kutoka Amri za Mungu. La tano huwa nalisoma polepole semina ikiangukia kipindi ambacho mabibo yamejaa chini ya mikorosho na uraka, pombe ya mabibo hayo, umejaa ndoo. Buddha alifundisha pia kwamba chuki haizimwi kwa chuki, na anayeijua Hotuba ya Mlimani hahitaji mkalimani hapo.

Tunakutana pia kwenye ukimya, na hapa ndipo pana utajiri ambao wengi wetu tunaupita tukikimbilia vipaza sauti. Watawa wetu Wabenedikto wapo Ndanda tangu 1906, na kanuni wanayoifuata, ya karne ya 6, inamtaka mtawa kupenda kunyamaza na kukiweka kifo mbele ya macho yake kila siku. Watawa wa Kibudha nao wana zoezi la kukitafakari kifo, kwa utaratibu na kwa miaka. Mwaka 1979 watawa wa Zen, tawi moja la Ubudha, kutoka Japani walikwenda kukaa kwenye monasteri za Ulaya, wakaamka na wenyeji wao, wakafanya kazi nao, wakanyamaza nao. Hawakuanza na mjadala wa Utatu.

Na kuna kisa ninachokipenda. Habari za mwana wa mfalme aliyeacha ikulu zilitoka India, zikaandikwa Kiarabu, zikavuka kwa Wageorgia na Wagiriki, na zilipofika Ulaya neno bodhisattva, jina la Buddha kabla hajawa Buddha, lilikuwa limegeuka Yosafati. Kwa karne nyingi Yosafati alikaa kwenye orodha ya watakatifu, tarehe 27 Novemba. Wakristo walikuwa wanamheshimu Buddha bila kujua, na waliowafikishia walikuwa waandishi wa Kiarabu.

Hata hivyo asije mtu akasema dawati limetangaza dini zote ni moja. Ubudha haumfundishi Mungu Muumba. Wanatazamia kuzaliwa tena na hatimaye kuvuka mzunguko huo. Sisi tunangoja ufufuo. Mbudha anakaribishwa kwenye misa, akae, asimame, asikilize. Komunyo hapokei, na asisukumwe kwenye mstari eti ataonekana mpweke.

Sasa ndoa. Mkatoliki na mtu asiyebatizwa wana kizuizi cha tofauti ya dini, kanuni ya 1086 ya Sheria za Kanisa. Kizuizi hiki askofu anaweza kukiondoa, paroko hawezi, na mwenyekiti wa jumuiya hawezi kabisa. Msichanganye na ndoa ya Mkatoliki na Mlutheri au Mwanglikana: hiyo ni ya mseto na inahitaji kibali tu. Mkatoliki anatamka kwamba ataitunza imani yake na anaahidi kufanya yote awezayo watoto wabatizwe. Mwenzake haahidi, bali anaarifiwa ahadi hiyo. Wote wawili wanafundishwa maana ya ndoa. Leteni hati ya ubatizo iliyotolewa karibuni, si ile ya kipaimara ya mwaka wa shule, na uthibitisho kwamba mgeni hana ndoa nyingine kwao. Serikali nayo, kwa Sheria ya Ndoa ya 1971, inataka taarifa ya siku 21 kabla. Kadi za mchango zisichapwe kwanza.

Ndoa ikifungwa bila kizuizi kuondolewa, ni batili mbele ya Kanisa, na Mkatoliki hapokei Komunyo hadi irekebishwe. Hajatengwa. Narudia: hajatengwa, na anayempa jina hilo kwenye jumuiya anajitwalia mamlaka asiyopewa. Maelezo haya ni ya jumla. Kila shauri lina faili lake, na paroko wako ndiye mlango wa kwanza.

Mwezi uliopita alikuja mama mmoja kijana, mumewe Mbudha, baba mkwe amefariki huko kwao. Aliuliza kama anaweza kumtolea nia ya misa mtu asiyebatizwa. Anaweza, padri yuko huru kutolea misa kwa ajili ya yeyote, hai au marehemu. Akaniambia kwao mumewe huwaombea wafu kila siku ya saba hadi siku ya 49. Akatoa simu, akafungua kalenda, akahesabu kwa kidole.

"Arobaini yetu inatangulia siku tisa," akasema.

Akaandikisha nia mbili.