Nairobi hadi New York: Dhana Potofu Kuhusu Umbali na Muda wa Safari

Wateja wengi wanaokuja kwetu kukata tiketi ya Nairobi hadi New York hushikilia dhana moja ambayo, kusema kweli, nimechoka kuisikia: kwamba kwenda ni saa saba tu kwa sababu dunia huzunguka na kuisogeza Marekani karibu na ndege, ilhali kurudi ni karibu siku nzima kwa sababu ndege huifukuza Nairobi inayoikimbia. Ushahidi wao ni tiketi yenyewe: kuondoka 23:25, kufika 06:25.

Saa zinazoandikwa kwenye tiketi ni za mahali husika. Mwezi wa Januari New York iko nyuma ya Nairobi kwa saa nane, kwa hiyo zile saba hujumlishwa na nane, na safari inakuwa ya saa 15. Wakati wa kurudi, ndege ikiondoka 12:25 na kutua 10:25 kesho yake, zinaonekana saa 22. Ukitoa nane, zinabaki 14. Kumbe anayerudi ndiye anayetumia muda mfupi zaidi, kinyume kabisa cha hiyo dhana.

Dunia huzunguka pamoja na hewa yake, na ndege huruka ndani ya hewa hiyo hiyo. Kwenye ikweta kasi ya mzunguko ni takribani kilomita 1,670 kwa saa, karibu maradufu ya mwendo wa ndege ya abiria. Ingekuwa ndege huachwa nyuma na dunia, basi inayotoka Nairobi kwenda Mombasa, iliyo upande wa mashariki, isingefika kamwe. Kinachofupisha safari ya kurudi ni upepo mkali wa anga za juu, unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki juu ya Atlantiki ya Kaskazini, na ambao majira ya baridi unaweza kuzidi kilomita 200 kwa saa.

Wengine huweka rula juu ya ramani ya ukutani na kupata njia inayopita Nigeria na Mauritania. Dunia ni mviringo, na njia fupi kuliko zote, ya takribani kilomita 11,850, hupanda kaskazini zaidi kupitia Sudan Kusini, Chad, Algeria na Morocco, ingawa anga ya nchi fulani ikifungwa, kama ya Sudan ilivyofungwa Aprili 2023, ndege hulazimika kuzunguka.

Kugawanya umbali huo kwa kilomita 900 kwa saa ili kupata saa 13 nako hakutoshi, maana muda wa ratiba huhesabiwa tangu ndege inapoondoka mlangoni hadi inapoegeshwa.

Anayeunganisha ndege New York nitaendelea kumshauri aache angalau saa tatu, apende asipende, kwa kuwa uhamiaji na mizigo hushughulikiwa hapo hapo kabla ya kuendelea. Akumbuke pia kwamba kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Novemba Wamarekani husogeza saa zao mbele, na tofauti huwa saa saba, si nane.