Modi haipimi mwanga

"Piga kwa mkono, otomatiki itakuharibia mkanda." Kila anayenunua kamera ya filamu ya mtumba huambiwa hivyo, na mimi ndiye ninayeletewa mikanda ya walioamini. Nimechoka kusafisha harusi ambazo bwana harusi hana uso.

Modi haipimi mwanga, jamani. Inayopima ni mita, kile kipimo cha mwanga ndani ya kamera, na mita ni ileile. Modi, iwe ya mkono au ya otomatiki, inaamua tu nani achague tundu la lenzi linalopitisha mwanga na nani achague kasi ya shata, pazia linalofunguka na kufunga. Canon AE-1 ya 1976, wewe unachagua kasi, yenyewe tundu. Nikon FE ya 1978, kinyume chake. Canon A-1, nayo ya 1978, ina programu inayochagua vyote viwili. Pentax K1000 haikuchagulii kitu: inakuonyesha sindano, unaileta katikati mwenyewe. Na kasi ya 1/125 ya sekunde kwa tundu la f/8 ni mwanga uleule wa 1/250 kwa f/5.6. ISO, wepesi wa filamu kwa mwanga, unaiweka unapofunga mkanda, basi.

Sasa hapa naomba tuelewane. Mita haijui inatazama nini. Kila kilicho mbele yake inakichukulia kuwa kijivu cha wastani, asilimia 18 kwa mujibu wa vitabu. Msimamishe bwana harusi mwenye kanzu nyeupe mbele ya ukuta wa chokaa saa sita mchana. Mita inaona weupe mtupu, inapunguza mwanga mpaka weupe ule uwe kijivu, na uso wake mweusi, uliokuwa na giza kuliko kanzu kwa stopu kadhaa tangu mwanzo (stopu moja ni mwanga mara mbili au nusu yake), unazama. Kwenye negativu, ambako giza hutoka wazi, sehemu ya uso inatoka angavu kama kioo, haina picha. Hakuna cha kuokoa. FE itapandisha kasi, AE-1 itabana tundu, na wewe mwenye K1000 utaileta sindano katikati kwa vidole vyako. Giza ni lilelile! Umepiga kwa mkono, lakini aliyeamua ni mita.

Dawa ipo kwenye kamera zote hizo. Ukiwa na FE, sogea mpaka uso ujaze dirisha, sukuma kile kiwiko cha saa ya kujipiga kuelekea kwenye lenzi, ukishikilie hapo, rudi nyuma, piga. AE-1 ina kitufe cha kuongeza stopu moja na nusu. K1000, pima usoni, kisha rudi na uiache sindano ielekee inakotaka.

Ila ukipima uso mweusi peke yake, mita itazidisha, maana nao inautaka uwe kijivu. Kwa negativu naacha izidi, filamu inavumilia. Kwa slaidi napunguza stopu moja, na hapo nakiri sina kanuni: ngozi zetu hazilingani, na hiyo stopu moja ni makisio ya jicho. Hata ile 18 msiishike kama msahafu. Nikon na Canon husawazisha mita kwa namba yao ya kiwanda, si asilimia: 12.5, na Pentax kwa 14. Tofauti ya namba hizo mbili ni kama sehemu ya sita ya stopu, na shata ya zaidi ya miaka arobaini inaweza kukosea zaidi ya hapo.

Kupiga kwa mkono kuna faida moja kubwa, nami naipenda kweli: jua likiwa halibadiliki, unapima mara moja na kuacha. Bibi harusi akipita mbele ya ukuta mweupe, kisha mbele ya mlango mweusi, uso wake unatoka vilevile. Faida hiyo unaipata kwa kutoifuata sindano.

Wenye AE-1 mwe waangalifu zaidi. Ukiizungusha pete ya lenzi kutoka kwenye A, alama ya otomatiki, sindano ya ndani inaendelea kuonyesha tundu ambalo kamera ingelitaka, si lile uliloweka. Ondoa jicho, soma pete ya lenzi.