Galaksi Zinapoungana: Nyota Hupishana, Gesi Hugongana

Usiku wa giza la mwezi, mtu akisimama Kibirizi, mwalo wa wavuvi hapa Kigoma, huziona taa za wavuvi wa dagaa zimetapakaa ziwani, na pengine huona makundi mawili yakipenyana pasipo mtumbwi kugusa mwingine. Ndivyo zilivyo nyota galaksi mbili, yaani makundi makubwa mno ya nyota na gesi, zinapokutana, kwani hata jirani wa karibu kabisa wa Jua letu yuko umbali wa miaka ya nuru 4.2 (mwaka wa nuru ni umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mmoja), kwa hiyo neno "kugongana", ambalo hata sisi wataalamu tumelizoea, linapotosha kidogo.

Lakini nyota, tofauti na mitumbwi, huvutana. Katika galaksi yenye umbo la sahani, kama hii yetu ya Njia ya Maziwa, karibu nyota zote za sahani huzunguka kituo kuelekea upande mmoja. Ikikutana na nyingine inayolingana nayo kwa uzito, mvutano hubadilika haraka kila mahali, mizunguko huvurugika, na kila nyota huishia na mwelekeo wake tofauti na wa nyingine, hata sahani ikapotea na kuacha umbo la duaradufu. Wazo hili lilipata nguvu baada ya mwaka 1972, ndugu wawili wanasayansi, Alar na Juri Toomre, walipoonyesha kwa hesabu za kompyuta kwamba mikia mirefu ya nyota inayoonekana kwenye baadhi ya galaksi huchomolewa na mvutano wa jirani.

Gesi haipishani. Mawingu yake hugongana kweli, hupoteza mwendo, huporomokea kituoni na kuzaa nyota kwa mkupuo. Nyota kubwa za buluu huishi muda mfupi, na gesi ya kuzaa nyingine ikiisha, hubaki zile za uzito mdogo, nyekundu na za kale, ambazo ndizo zinazoipa galaksi duaradufu rangi yake. Majitu kama galaksi duaradufu ya M87, hata hivyo, hayakutokana na muungano mmoja tu, bali yaliendelea kumeza galaksi ndogo kwa mabilioni ya miaka.

Mwenye darubini ya macho mawili hapa Kigoma anaweza kuitafuta galaksi ya Centaurus A, iliyo umbali wa takriban miaka ya nuru milioni 12. Katikati ya Mei, saa tano usiku, huwa upande wa kusini, juu kushoto kwa kundinyota la Msalaba wa Kusini, ikionekana kama doa la ukungu. Picha za darubini kubwa huonyesha mkanda mweusi wa vumbi ukiikata katikati: ni mabaki ya galaksi yenye gesi iliyomezwa, na ambayo bado haijayeyuka yote.