Umeumia mgongo kazini: maswali kuhusu ED (cheti cha daktari cha kupumzika kazi), mshahara na fidia

Majibu haya yanafuata sheria za Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria zake za kazi na fidia, kwa hiyo msomaji wa Unguja au Pemba atafaidika na sehemu ya afya, ila kuhusu malipo aulize ofisi ya serikali ya kazi ya huko.

Nilinyanyua mfuko wa saruji, kiuno kikashtuka. Sina kidonda wala mfupa uliovunjika. Hilo nalo ni jeraha la kazini?

Ndiyo. Msuli au kano ikivutwa kupita uwezo wake, nyuzi zake huchanika, huvimba kwa ndani, na misuli ya jirani hukakamaa ili kulinda mahali palipoumia. Kule kukakamaa ndiko kunakokufanya asubuhi ushindwe hata kuvaa viatu. Eksrei huonyesha mifupa, haionyeshi misuli. Msimamizi akikuambia "picha imetoka safi, rudi kazini", picha hiyo haijathibitisha kwamba unajifanya.

Kuna pia maumivu yanayoingia taratibu. Mshonaji wa kiwandani anayerudia mshono uleule kutwa nzima huanza na ganzi ya vidole usiku, kisha kifundo cha mkono. Muuguzi anayegeuza wagonjwa peke yake huumia bega. Hawa ndio wanaopata shida zaidi kudai haki, kwa sababu hawana tukio moja la kulitaja.

Uzito wenyewe tuutazame. Mfuko wa saruji una kilo 50. Shirika la Kazi Duniani, katika pendekezo lake la mwaka 1967, lilitaka mzigo anaobeba mwanamume mzima mara kwa mara usizidi kilo 55. Taasisi ya Marekani inayochunguza usalama kazini, NIOSH, huanzia kilo 23 katika hesabu yake, tena pale mzigo unapokuwa karibu na mwili na mbebaji hajipindi. Sasa fikiria lumbesa. Kila inapozungumzwa, huzungumzwa kama wizi dhidi ya mkulima, na ni kweli anaibiwa. Lakini gunia lile lililojazwa mpaka likavishwa kilemba linapanda lori kwa mgongo wa mtu, na mgongo huo hautajwi.

Dalili gani zinataka hospitali haraka?

Ukishindwa kukojoa au ukijikojolea bila kujua, ukifa ganzi sehemu za siri na makalioni, au miguu ikilegea, nenda hospitali saa ileile hata kama ni usiku wa manane. Huenda neva za mwisho wa uti wa mgongo zimebanwa, na kila saa inayopita inapunguza nafasi ya kupona kabisa. Homa pamoja na maumivu ya mgongo, au maumivu baada ya kuanguka kutoka juu, nayo hayasubiri.

Siku ileile nifanye nini?

Acha kunyanyua. Kisha, kabla hujaondoka kazini, toa taarifa. Hapa ndipo wengi wanapopoteza haki yao, na ninaomba upasome taratibu.

Aliyekatwa kidole na mashine ana mashahidi na damu sakafuni. Aliyeumia msuli hana kitu cha kuonyesha, kwa hiyo ushahidi wake ni maandishi. Mwambie msimamizi, na uhakikishe imeandikwa kwenye daftari la ajali. Kama daftari halipo, mtumie ujumbe wa simu: umeumia wapi, saa ngapi, ukifanya nini, nani alikuwepo. Ujumbe unabaki na tarehe yake. Usiufute.

Hospitalini, usiseme tu "mgongo unauma". Sema, "Mgongo umeanza kuuma leo nilipokuwa nanyanyua mzigo kazini," na uombe iandikwe hivyo kwenye faili. Wengi huanza kwa kuchuliwa mtaani na kumeza diklofenaki ya duka la dawa, wakaenda hospitali baada ya wiki mbili wakiwa wamezidiwa. Faili linaanza siku hiyo, na mwajiri anauliza kwa nini hukusema mapema. Diklofenaki yenyewe si dawa ya kumeza ovyo: huchubua tumbo, na kwa mwenye presha au figo dhaifu ni hatari.

Nikipewa ED, mshahara unaendelea?

Unaendelea, kwa kiwango kinachobadilika. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 126 za likizo ya ugonjwa katika kila mzunguko wa miezi 36. Siku 63 za kwanza ni mshahara kamili, na 63 zinazofuata ni nusu mshahara. Anayelipwa shilingi 400,000 kwa mwezi ataendelea kupata hiyohiyo mwanzoni, baadaye 200,000.

Sharti ni cheti cha daktari aliyesajiliwa. Bila cheti, mwajiri halazimiki kulipa. Mpelekee ED mapema na ubaki na nakala, hata ikiwa ni picha ya simu.

Na jambo hili litazame kwenye fomu unazosainishwa: mwajiri haruhusiwi kukukatia siku za ugonjwa kwenye likizo yako ya mwaka, hata kama umekubali. Hizo ni likizo mbili tofauti.

Mfuko wa Fidia unaingia wapi?

Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 ndiyo iliyounda Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao wengi wanauita WCF, nao ulianza kazi mwaka 2015. Mchango hulipwa na mwajiri peke yake. Ukiona makato ya WCF kwenye hati yako ya mshahara, uliza, kwa sababu mfanyakazi hapaswi kukatwa hata senti.

Likizo ya ugonjwa humhusu mfanyakazi yeyote anayeumwa, hata malaria. WCF humhusu aliyeumia au kuugua kwa sababu ya kazi. Hugharimia matibabu, na daktari akithibitisha kuwa huwezi kufanya kazi kwa muda, hulipa asilimia 70 ya kipato chako cha mwezi, kwa kipindi kisichozidi miezi 24. Kwa yule wa 400,000 ni shilingi 280,000. Ukibaki na ulemavu wa kudumu, hutathminiwa kwa asilimia: usiozidi 30 hulipwa kwa mkupuo, unaozidi hapo hulipwa pensheni ya kila mwezi. Lakini siku zilezile hazilipwi mara mbili. Pale sheria au mfuko mwingine unapokulipa siku zako za ugonjwa, mwajiri halazimiki kukulipa tena.

Mwajiri akipata taarifa ya ajali ana siku saba za kuifikisha WCF. Hiyo si hisani yake kwako, ni wajibu. Ukiona kimya, nenda ofisi ya WCF ya mkoa ukiwa na nakala za hospitali na ule ujumbe wa simu. Usikae nalo mwaka mzima: dai lisilofikishwa ndani ya miezi 12 linaweza kukataliwa kwa kuchelewa.

Mimi ni kibarua, nina miezi miwili tu hapa. Nina haki gani?

Kwa likizo ya ugonjwa yenye malipo, sheria inakubana: asiyefikisha miezi sita hana haki hiyo, isipokuwa wa msimu, au aliyefanya kazi kwa mwajiri huyohuyo zaidi ya mara moja ndani ya mwaka na jumla ikapita miezi sita. Kwa hiyo unayeitwa na kuachishwa kila baada ya wiki chache, jumlisha vipindi vyako kabla hujakubali kwamba huna haki.

Fidia ya WCF haina sharti la miezi sita. Ukiumia siku ya kwanza, umeumia kazini. Nasema hili kwa uzito kwa sababu kibarua akishtuka mgongo kwa kawaida hupewa hela ya nauli na ya dawa, akaambiwa arudi akipona, na kesho yake nafasi ina mtu mwingine. Hela ya nauli haifuti dai lako.

Nilale mpaka maumivu yaishe?

Hapana. Siku moja au mbili za kupumzika zinatosha, kisha tembea kidogo kidogo, badilisha mikao, jinyooshe bila kulazimisha. Misuli inayolazwa wiki nzima hudhoofika na maumivu huchelewa kuisha. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa husaidia siku mbili za mwanzo, baadaye joto. Wengi hupata nafuu kubwa ndani ya wiki nne hadi sita.

Kabla ya kurudi, muombe daktari aandike kazi nyepesi kwa maneno yanayopimika: asinyanyue zaidi ya kilo kadhaa, asisimame zaidi ya saa kadhaa, kwa muda wa wiki kadhaa. "Kazi nyepesi" tupu kila msimamizi ataitafsiri anavyotaka.

Mwajiri analazimika kubadilisha chochote pale kazini?

Analazimika. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, wakala wa serikali wa usalama kazini, inamtaka atambue hatari na azipunguze, na vifaa vya kinga avitoe bila kumtoza mfanyakazi. Kwa mizigo, hiyo ni toroli, watu wawili kwa mzigo mmoja, mifuko ipangwe usawa wa kiuno badala ya chini, zamu za kubadilishana. Mkanda wa kiuno hauwezi kuchukua nafasi ya hayo. Akirudisha mtu kwenye gunia lilelile, kwa namna ileile, anatengeneza mgonjwa wa pili, na OSHA hupokea malalamiko.

Ameniachisha kazi kwa sababu sijapona. Anaweza?

Si kwa kuamka tu asubuhi moja. Kanuni za mwenendo mwema za mwaka 2007 zinamtaka achunguze hali yako, akusikilize, na atafute kazi nyingine unayoiweza kabla ya kufikia hatua hiyo. Aliyeumia kazini hapo hapo anastahili juhudi kubwa zaidi ya huyo aliyeumia nje. Kama hakufanya hivyo, fungua mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, kwa kujaza fomu namba 1. Kwa kuachishwa kazi una siku 30 tangu uachishwe. Kwa madai mengine, kama mshahara wa siku za ED ambao hujalipwa, ni siku 60. Ukichelewa itabidi kwanza uombe ukubaliwe kuchelewa, ukieleza sababu, na Tume inaweza kukukatalia.