Kazi za Nyumbani: Mzazi, Mwachie Mtoto Kalamu

Sisi wadhibiti ubora wa shule hapa Arusha tunapokea malalamiko ya aina mbili yanayozidi kuongezeka. Walimu wanasema madaftari yanarudi shuleni na mwandiko wa watu wazima. Wazazi wanasema watoto wakikutana na swali gumu wanakata tamaa papo hapo. Chanzo ni kimoja.

Mtoto wa Darasa la Nne akiandikiwa jibu la kugawanya anapata tiki, lakini pia anazoea kwamba akikwama, atakwamuliwa. Siku ya Upimaji wa Kitaifa mkwamuaji hayupo. Mwaka 1998 watafiti Claudia Mueller na Carol Dweck wa Marekani walionyesha kuwa, baada ya kushindwa maswali magumu, watoto waliosifiwa kwa bidii waliendelea kujaribu kuliko waliosifiwa kwa akili. Basi punguzeni "una akili sana wewe." Sifuni kazi mliyoiona ikifanyika: "Umelirudia mpaka limekubali."

"Mimi sikusoma, nitamsaidiaje?" Hoja hii tumeisikia mno, na hatuikubali. Mama anayerudi jioni kutoka Soko la Kilombero halazimiki kujua desimali. Amtengee mtoto muda na mwanga, aweke simu mbali, kisha aulize: umekwama wapi, mwalimu aliwaonyesha vipi? Mtoto akieleza kwa sauti, mara nyingi kosa analiona mwenyewe. Akishindwa kabisa, aache nafasi wazi. Nafasi hiyo inamwonyesha mwalimu pa kurudia. Jibu la kaka yake wa Kidato cha Pili linampoteza mwalimu. Na fimbo wekeni kando, maana anayechapwa kwa sababu ya hesabu hujifunza kuficha daftari.

Kama kazi ni nyingi kupita kiasi au hazisahihishwi, mwone mwalimu wa darasa, kisha mwalimu wa taaluma, kisha mwalimu mkuu. Isipotatuliwa, andika barua kwa kamati ya shule, ukitaja darasa, somo na tarehe, na ubaki na nakala. Baada ya hapo ni Afisa Elimu Kata. Tafadhali msianzie kwenye kundi la WhatsApp.

Wengine huuliza kuhusu adhabu kwa mzazi. Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 8, inampa mzazi wajibu wa kumpatia mtoto elimu na malezi. Anayekiuka, kifungu cha 14 kinataja faini isiyozidi shilingi milioni 5, kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili. Hatumtishi mzazi aliyesahau kusaini daftari. Tunamzungumzia anayemzuia mtoto kwenda shule.