Suti za Mad Men hazikuwa za kubana

Wengi huamini kwamba tamthilia ya Marekani ya Mad Men, iliyoanza kurushwa mwaka 2007 na inayohusu watu wa matangazo wa New York ya miaka ya 1960, ndiyo iliyoleta suti ya kubana, na kwamba wanaume wa New York wa miaka ya 1960 walivaa hivyo. Yote mawili si kweli. Mbunifu wa mitindo Hedi Slimane alikuwa ameshaibana suti akiwa Dior Homme, kitengo cha mavazi ya wanaume cha Dior, tangu mapema miaka ya 2000. Tamthilia iliipa tu umaarufu zaidi.

Tazama suruali kwa makini. Ile ya enzi hizo hukaa kiunoni hasa, usawa wa kitovu, na mapaja yana nafasi. Chembamba ni tai na kola ya koti, takriban sentimita 6 kila kimoja. Koti lenyewe hufunika makalio.

Walioiga tamthilia walichukua wembamba wakaacha kimo cha suruali, yaani kukaa kwake juu kiunoni, na hapo ndipo mambo huharibika: ukifunga kifungo cha koti, pembetatu ya shati jeupe huchungulia chini yake pamoja na ncha ya tai. Kosa hili huonekana hata kwenye suti za bei kubwa, inasikitisha.

Mwambie fundi apime suruali kutoka mshono wa msambani hadi juu ya mkanda, mbele: sentimita 28 hadi 30 kwa mtu wa kimo cha wastani. Iliyokwisha kushonwa fupi hapo haipandishiki, maana kitambaa cha kuongeza hakipo. Tafuta nyingine.